Matundu Matatu

Plastiki nyeusi, paundi ishirini na mbili,
ya kubandika kwenye nguzo ya kioo cha mbele.
Matundu matatu.
Na wachumba ni sita: geji ya tabo, presha ya oili, joto la oili,
mchanganyiko wa hewa na petroli, joto la moshi, volti.
Mahari ninayo ya wawili na nusu.

Mvua ya Bolton inachapa bati la gereji ya kukodi.
Craig, ambaye ameshaua injini mbili na haoni haya,
anasema: ya tabo kwanza, sindano ikipanda na moyo unapanda.
Ni kweli. Nimeiona yake ikiruka
kama mtoto aliyesikia jina lake likiitwa kwenye zawadi.
Lakini filimbi ya tabo naisikia mwenyewe.
Ninunue jicho la kutazama
kitu ambacho sikio limeshakila?

Shida yangu ni sindano ya kiwandani.
Imelelewa. Ikishapata moto hukaa katikati,
iwe digrii themanini, iwe mia na tano, haisogei.
Habari?
Njema.
Habari za maji? Njema. Za oili? Njema tu.
Na taa nyekundu ikiwaka, hiyo si habari tena,
hiyo ni tanzia.

Naijua lugha hiyo.
Zawena akipiga simu kutoka Korogwe:
hatujambo, watoto wazima, mvua nzuri mwaka huu,
salamu zinazunguka uwanja mzima,
kisha, salio likikaribia kukata, anasema: ila.
Ndani ya ila ile
mama alikuwa na siku ya tisa wodini, mkono wa kulia umepooza,
na mimi nilikuwa hapa, gari juu ya vigogo,
nikichagua taa za geji ziwe buluu au nyeupe.

Nataka geji isiyo na adabu.
Ianze na ila.

Kwa hiyo tundu la kwanza, presha ya oili.
Ikishuka nikiwa nakata kona, iseme,
hata kama kuna wageni garini.
La pili, mchanganyiko, maana injini ikinyimwa petroli
wakati tabo inasukuma, pistoni huyeyuka kama sukari guru.
Craig akanionya: usiingize oili yenyewe ndani,
tumia kihisi na waya; mrija ukipasuka, utaoga.
Hapo nilimsikiliza. Aliwahi kuoga.

Jumamosi, vidole havina habari na spana,
nikawasha.
Baa sita. Oili bado nzito kwa baridi.
Ikashuka kadiri ilivyopata moto: nne, mbili,
moja na robo.
Moja na robo! Nikazima, jasho likinitoka katikati ya Februari.
Craig akacheka mpaka akakohoa. Kawaida hiyo, akasema,
injini ya moto ikiwa imetulia.
Miaka mitatu nimeliendesha gari hili
na sikuwahi kuijua kawaida yake.

Tundu la tatu nimeliziba
kwa kifuniko cha chupa ya hiliki. Kimeenea
kana kwamba kilipimwa, na gari linanukia jikoni.
Ile nusu mahari, na kidogo cha kuazima,
imenunua mashine ya presha, ya kufunga mkononi, yenye betri,
ikasafiri wiki tano hadi Korogwe.

Jumapili napiga mimi.
Hatujam— anaanza Zawena.
Namba kwanza, namwambia.
Kimya. Kisha nasikia mashine ikijaza hewa mkono wa mama,
ikibana, ikibana,
halafu psss, ndefu,
sawasawa na tabo mguu ukitoka kwenye mafuta.
Mia na hamsini na mbili, anasoma, kwa tisini na nne.
Naandika nyuma ya risiti ya kihisi.

Haya, anasema, na wewe? Habari za Bolton?

Njema, nikajibu,
kabla sijajizuia.