Mate Yasiyokauka

Mama akinituma chumvi
alitema mate chini, penye vumbi, karibu na kidole chake cha mguu:
"Yasikauke kabla hujarudi."
Basi. Hapakuwa na kingine.
Kiangazi nilikimbia visigino vikigonga kisogo.
Masika, mawingu yakiwa yameukalia Wanale,
nilitembea. Nilipitia kichochoro cha wauza malewa,
nikatazama bata wa watu, nikapigana na Wamono, nikashinda,
nikarudi na chumvi imelowa kidogo
na mate bado yapo.
Alichojua ni kwamba nimeondoka, kisha nimerudi.
Katikati palikuwa pangu.

Mimi nimemnunulia Khainza saa ya mpira, ya zambarau,
nusu ya bei siku ile, nusu bado naidaiwa.
Ni baada ya mtoto wa mtaa wa pili kupotea siku mbili.
Alipatikana. Alikuwa kwa shangazi yake.
Lakini zile siku mbili
hakuna aliyezipata tena mtaani kwetu.

Sasa kwenye simu, kando ya cherehani,
kuna nukta ya buluu, ukubwa wa punje ya mtama.
Inatoka shuleni saa tisa na nusu.
Inavuka Barabara ya Naboa. Inasimama.
Mguu wangu nao unasimama kwenye pedali.
Kwa nini umesimama? Nani anaongea nawe?
Inatembea; nashona.
Magauni ya mwezi huu mishono yake inakatikakatika,
na wateja hawajui kwamba wamevaa
njia ya mwanangu kutoka shule.

Jumatano nukta ilipita kwetu bila kukata kona.
Ikashuka, ikashuka hadi Namatala,
ambako hatuna mtu.
Nilipiga. Saa ikaita, ikaita.
Niliacha mkasi wazi juu ya kitambaa cha bibi harusi,
nikapanda boda bila kuuliza bei.

Nyuma ya kinu cha mahindi, nukta ilikuwa mkononi mwa mtoto
nisiyemjua. Mwembamba, sweta ya shule yetu imefumuka kwapani.
Nikamshika. Nikapiga kelele jina lisilo lake.
Hakulia. Akasema anaitwa Nandudu,
akasema Khainza kamwazima hadi kesho,
akasema, akiitazama saa, si mimi:
"Nilitaka na mimi nitembee nikitazamwa."

Kinu kiliunguruma.
Nikamuuliza kwao kuna nani. Bibi, akasema,
usiku, akitoka sokoni, kama viazi vimeisha.

Nyumbani, Khainza alikuwa amefika zamani.
Amejipikia uji, umeungua chini. Amevua sare, ameikunja.
Amepita malori, mtaro, mbwa wa seremala,
bila jicho langu hata moja,
na ameketi kizingitini,
mrefu kuliko asubuhi.
"Uliogopa?"
"Kidogo. Pale kwenye malori. Nikangoja yapite."
Kisha: "Mama, ukinitazama huwa sijui
kama ni mimi niliyengoja."

Nilimgombeza. Nisidanganye, nilimgombeza sana,
kwa saa, kwa deni, kwa sufuria,
na sauti ilikuwa ya mama yangu hadi kwenye kikohozi.

Siku hizi giza likikaribia anavaa. Siku ya mnada anavaa.
Jumatano saa inakwenda Namatala,
nami namsindikiza Nandudu kwa kidole hadi mlangoni kwao;
huchelewa sana kwa muuza mihogo,
na najikuta namwambia simu: haya, mwanangu, twende.

Na Khainza, Jumatano hiyo hiyo, asubuhi,
akiwa ameshika begi, natema mate kwenye saruji ya baraza.
Anacheka. Anayaruka.
Saruji hukausha upesi.
Akishapotea kwenye kona,
naongeza.