Toleo la Nne

Imebaki mistari mitatu kwenye orodha ya mabadiliko
na jaribio moja linalokataa kupita.
Nje, Tartu imelala chini ya theluji ya Februari,
mto Emajõgi umeganda hadi nguzo za daraja,
na Ainar amevua viatu; soksi zake zafuka mvuke ukutani
kama viazi vilivyosahaulika mekoni.

Programu yetu haina makuu.
Unaipa picha ya gogo lililokatwa,
inahesabu pete, nyembamba na nene,
miaka ya ukame na miaka ya shibe,
kisha inakwambia: mti huu uliangushwa mwaka fulani.
Ni ya bure. Yeyote achukue, afumue, ashone upya,
mradi asifute majina ya waliomtangulia.

Tulipanga kuitoa Ijumaa.
Jumatano ikaingia barua ya Õie,
fundi anayekarabati nyumba za magogo huko Setomaa,
asiyewahi kuandika msimbo hata nukta.
"Boriti yangu imechongwa mwaka kwa patasi:
elfu moja mia saba tisini na saba.
Mashine yenu inasema tisini na nane.
Je, yule bwana alijenga kwa mti
uliokuwa bado umesimama msituni?"

Tulicheka. Nakiri, mimi ndiye niliyeanza.
Nikamjibu kwa adabu ya watu wenye shahada
kwamba mafundi wa zamani nao ni binadamu,
na patasi huteleza.

Usiku usingizi ukanipaa.
Patasi huteleza, ndiyo,
lakini haitelezi mwaka mzima.

Asubuhi nikashuka ndani ya msimbo,
chini ya tabaka la Heiki, chini ya tabaka langu,
hadi kwenye mistari ya Leelo, aliyeyaanza yote haya
kabla hajaacha chuo akafuge kondoo Saaremaa.
Hapo, kwenye pete ya mwisho, ile inayogusa gome,
palikuwa na nyongeza ya moja.
Moja tu. Na pembeni, maneno yake:
"Sina hakika. Nitarudi."

Hakurudi.
Nasi tukapita hapo miaka tisa,
tukiuona ufa, tukiupaka chokaa,
kila toleo na chokaa yake.
Miti iliyoangushwa mwanzo wa baridi
tuliihesabia majira ya kuchipua
ambayo haikuyaona.

Nimefuta alama mbili: jumlisha, na moja.
Boriti ya Õie ikakaa sawa na patasi yake.
Na hili jaribio linalogoma sasa
ni letu wenyewe, tulilolifundisha kosa
tukalisifu kila lilipolikariri.

"Lifute," anasema Ainar, "tukalale."
Silifuti. Nalirekebisha, kisha naandika waziwazi:
*Tarehe za miti ya baridi mlizopata kwetu
zimezidi mwaka mmoja. Tuwieni radhi.*
Heiki anasoma begani mwangu, kimya.
Tasnifu yake ina miti thelathini na sita ya baridi.
"Lazima iwe hivyo?"
Sijajibu. Anavuta kibodi taratibu,
anaongeza namba ya ukurasa wake.

Imebaki orodha ya shukrani.
Õie amekataa kuwekwa:
"Mimi niliangalia tu. Mwandikeni aliyechonga."
Hatumjui. Mwishoni mwa boriti kuna herufi mbili.
Basi, kwa mpangilio wa alfabeti,
chini ya Leelo wa kondoo, yupo sasa
M. P., seremala.

Saa tisa na dakika ishirini usiku nikabonyeza.
Hakuna kengele, hakuna kigelegele;
duara dogo lilizunguka, likawa kijani.
Ainar alishalala juu ya koti lake.

Chai yangu ilikuwa bado ya moto
ilipofika barua kutoka kwa mtu wa Hokkaido:
asante kwa toleo jipya,
ila kwenye mwongozo, ukurasa wa nne,
neno "gome" limekosewa.