Kitabu cha Alama

Mimi sikucheza. Niliketi mwisho wa benchi
na penseli, nikiandika alama za wenzangu
misimu minne, chini ya kocha Lorna Pribyl,
aliyetufundisha hesabu asubuhi
na jioni akaendesha basi letu mwenyewe
kupita mashamba ya mahindi yaliyofunikwa na theluji.

Vikombe sita. Ukiingia Sedlo, Nebraska,
bango la barabarani litakwambia hivyo
kabla ya kukutajia idadi ya watu,
ambayo hupungua.

Hakuwa mtu wa kufoka. Akikasirika
huvua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta,
nasi tukajua maji yamezidi unga.

Mpaka leo wanamuuliza habari za fainali ya tano,
ule mtupo wa Twyla, sekunde ya mwisho.
Husema hakuuona: alikuwa ameinama
akimfunga Renata kamba za kiatu,
maana Renata kiganja kilimteguka
na hakutaka mtu ajue.

Mwaka uliofuata tulifungwa, alama moja tu.
Niliandika. Penseli ikavunjika. Nikachonga, nikaandika tena.
Ndani ya basi hakuna aliyetia neno
hadi alipoegesha penye kituo cha mafuta,
akarudi na donati ishirini na nne,
theluji mabegani.
"Kuleni," akasema. "Kesho kuna mtihani."

Kweli ulikuwepo.
Nilikosa alama moja kufaulu,
na hakuniongezea.