Sekunde Tano

Msimu wa mnada, Newala.
Ukiiuliza bei ya korosho, seva ya chama
hunyamaza kwanza:
moja, mbili, tatu, nne, tano.
Ndipo ijibu.

Somoe kapima diski, nzima.
Waya kabadili mara mbili.
Saa nane usiku, chai imepoa,
anasoma logi mstari kwa mstari.

Kumbe kila mgeni akifika
seva hutuma Masasi kuuliza jina lake,
kwa mashine iliyozimwa mwaka juzi
ikafunikwa gunia.
Hodi.
Hodi.
Hodi ya tatu ikikosa wa kuitika,
ndipo humhudumia.

Akafuta mstari mmoja.

Asubuhi karani Chilumba alisema,
"Leo mtandao mzuri."
"Mzuri," akaitikia Somoe, akipiga miayo.