Maneno Sitini

Kila Julai huja watatu, nami huwapa fomu.
Jina. Ulikozaliwa. Ulikosoma. Unachopenda.
Maneno sitini, yasizidi: fremu za ghorofa ya tano ni ndogo
na mkurugenzi hapendi porojo.
Mwaka wa ishirini na mbili huu
ninapunguza maisha ya watu kwa kalamu nyekundu
hapa Milwaukee, dirisha langu likitazama maegesho
na kipande cha ziwa ambacho Februari huganda
kama sahani iliyosahauliwa nje.

Tou Ger Vang alijaza kurasa mbili.
Bibi yake alivuka Mekong usiku
na sindano tatu ndani ya pindo la sketi,
akaja kutarizi konokono na maua katika baridi ya Sheboygan,
mishono midogo hata jicho linakana.
Alimfundisha mjukuu kabla hajajua kuandika:
uzi hauvutwi, huitwa.
Nikaandika: *Anapenda kazi za mikono.*
Nilijua nimeua kitu.

Maite Etcheverry, wa Elko, Nevada.
Ana miaka tisa, ameshika taa.
Kondoo anazunguka, anazunguka,
kama aliyefungwa kamba kwenye mti usioonekana.
Baba anapapasa fuvu kwa kidole gumba
mpaka pale mfupa ulipolainika,
anafungua kwa kisu cha mfukoni, anatoa lengelenge la maji
zima, bila kulipasua.
Kondoo alinyooka, akaenda zake kula nyasi.
Aliishi hadi vuli, kisha tukamla, aliandika Maite.
Hilo la kumla nililifuta.

Casimir Dudek, mwana wa mchomelea vyuma,
chini ya *Unachopenda* aliweka neno moja:
Usingizi.
Sikuligusa.

Na Leontyne Babineaux, ambaye mama yake
alitengeneza vinanda vya makanisa kote Lafayette,
yeye akishika ufunguo na kunyamaza.
Anasema keekee hubadili sauti
unywele mmoja kabla ya kufika kwenye utando;
wengine hutazama, yeye husikiliza.
*Anapenda muziki*, nikaandika. Mungu anisamehe.

Maana saa nane za usiku huja watu,
makoti juu ya nguo za kulalia,
viatu vya theluji vikilia maji sakafuni,
wakasimama mbele ya ukuta ule na kusoma.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, ni kweli;
lakini wanataka kujua mgeni amekuja na nini mikononi,
mikono ambayo sasa hivi
imo ndani ya kichwa cha mtu wao.
Nami nimewapa maneno sitini.
Mara nyingine kumi na tano.

Everett Lindqvist aliondoka mwaka wa nne,
baada ya mtoto wa kitanda cha pili.
Alikuja ofisini na nguo za nyumbani;
sikuwahi kujua kwamba anazo.
Akaiomba fomu yake, ile ya kwanza.
Zote ninazo, droo ya chini, chini ya chai.
Ukutani niliandika *Anapenda ndege*,
na wagonjwa miaka yote walimdhania rubani.

Alisoma amesimama.
Alikuwa ameandika juu ya njiwa wa babu yake,
waliofunguliwa mbali, maili mia tatu, wakarudi kabla ya chakula cha jioni.
*Wanaijuaje njia? Iko ndani ya kitu
kisichozidi punje ya dengu. Ndiyo maana nimekuja.*
Akaikunja mara nne, akauliza kama mvua imekatika.
Haikuwa imekatika.

Rangi ya ukuta ni nyeupe zaidi pale ilipokuwa fremu yake.

Juzi nilitoa kopi za watatu wapya.
Pale penye namba sitini
nilibandika kidole gumba juu ya kioo, taa ikapita.
Imetoka doa jeusi, na mistari ya ngozi yangu.
Mmoja ameniuliza: mwisho ni maneno mangapi?
Nikamwambia mashine yetu ni mbovu.