Nang'aa

Kahambu huuza dagaa Birere,
dagaa kavu wa Kalemie, si sambaza wa ziwa letu.
Uvimbe ulipokatwa uliondoka na kaakaa
na nusu ya taya la juu,
herufi zikahamia puani.
B ikawa m. D ikawa n.
Goma, kinywani mwake, ikawa ng'oma, nusura ngoma.
"Baba yetu," alisali; ikatoka "Mama yetu,"
wala hatujasikia mbingu zikilalamika.
Lakini sokoni aliponadi "Dagaa! Dagaa!"
watu walisikia "Nang'aa! Nang'aa!"
Wakacheka.
Mwanamke kajifunga kitenge hadi machoni,
uji wamtoka puani,
naye ati anang'aa.

Mimi si daktari. Mimi ni binti wa Paluku seremala,
aliyechonga chukudu za mkaratusi kwenye njia ya Rutshuru.
Mashine ya picha ilimkata Kahambu vipande mia nne
bila kumwaga tone,
nami kwenye kompyuta nikavipanga, kijivu kwa kijivu,
hadi fuvu likainuka gizani
na kugeuka nilipolisukuma kwa kidole.
Upande wa kulia, shimo.
Upande wa kushoto, shavu la mama yake, naambiwa.
Nikaukunja uso wake katikati kama barua mbichi,
wino wa kushoto ukachapa kulia.
Ndivyo tulivyojua alipaswa kuwa nani.

Mfupa tuliuazima mguuni,
ule mwembamba unaojificha kando ya muundi,
ambao mwili huusamehe ukiondoka.
Nikaukata mara tatu kwenye kioo, nikaukunja tao,
nikafuta, nikakata tena:
digrii mbili tu, na meno ya juu na ya chini
yangeishi kama wake wenza.

Halafu kipimo. Baba alikuwa nacho ukutani,
kibao chenye mwanya, msumeno upite hapo na si pengine.
"Mkono husahau," alisema, "kibao hakisahau."
Changu ni cha plastiki, cheupe, kirefu kama kijiko.
Mashine hukijenga usiku, tabaka juu ya tabaka,
kama mlima ulivyoujenga mtaa wetu
bila kutuuliza.
Saa nane za usiku umeme ukakatika.
Tabaka la mia mbili na kumi na moja.
Nikalia kidogo.
Nikawasha jenereta, nikaanza tabaka la kwanza.

Jumanne, Daktari Nsimire alikiweka juu ya mfupa,
kikakaa kama kifuniko juu ya sufuria yake.
Msumeno ukapita hapo na si pengine.
Mshipa wa shingo na mshipa wa mguu,
miembamba kama tambi,
ikashonwa ikiwa bado haijuani.
Kibanio kikaachiwa; mfupa ukatoka damu;
wanasema chumba kizima kilishusha pumzi.
Mimi sikuwamo. Nilikuwa nje, juu ya jiwe jeusi la lava,
nikizihesabu digrii kama rozari.

Wiki ya tatu aliandika kwenye daftari, akamwonyesha muuguzi:
Kitendawili.
Tega.
Mguu wangu watafuna.
Muuguzi akashindwa, akatupa mji.
Tukautwaa Goma wote,
safari hii bila risasi.

Mwezi wa tano nilipita Birere.
Anachechemea kidogo; shavu la kulia limelala usingizi,
halijui mvua wala busu.
Akanikazia macho, akaupandisha ulimi
kule juu, kwenye ukuta mpya,
akaugonga mara moja kama msumari.
"Dagaa," alisema.
D kamili. Ningeweza kuitundikia koti.
Akanifungia fungu kwenye gazeti, hela akazikataa.

Nilikuwa nimefika kona, penye wauza makala,
nilipomsikia nyuma yangu, kitenge kimeshuka mabegani,
akinadi kwa puani, makusudi,
"Nang'aa! Nang'aa!"
na watu wamempanga foleni,
na bei imepanda.