Lori la Jumanne

Jumanne ya mwisho ya Machi, kabla msimu haujafunguliwa,
Zdenka anarudisha lori kinyumenyume hadi ukingo wa Jelenka.
Theluji bado imeng'ang'ania kivulini mwa misonobari.
Kilo mia mbili na arobaini. Ametia sahihi mara tatu.

Anafungua koki. Trauti wanamwagika kama chenji mezani,
mapezi yamesagika kwa saruji ya birika,
na badala ya kukimbia wanageuka, midomo juu,
wakiufuata mkono wake:
wamelelewa wakijua kivuli ni chakula.

Chini ya daraja, penye jiwe lililopasuka,
yupo mwingine. Humwoni. Unaona maji yakisita.
Mgongo wake una michirizi ya marumaru,
na kwake kivuli ni kivuli.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, tulisema.
Hoteli zikajaa, wavuvi wa Graz wakaja na buti mpya,
na mwenyeji hakupona.

Oktoba iliyopita Zdenka alivua mmoja:
ubavuni michirizi, kisha, ghafla, madoa mekundu,
kama barua iliyoanzwa na mtu mmoja
ikamaliziwa na mwingine.
Alimrudisha majini. Au hakumrudisha;
hapo huwa anabadilisha maneno.

Sasa tangi ni tupu.
Kwenye fomu, mstari wa mwisho unauliza:
Kabla ya leo, mtoni mlikuwamo samaki?
Nafasi iliyoachwa ni ya neno moja.
Matevž anapiga honi.
Wino umeganda kalamuni.